Kutoka Dar hadi mbuga ya Wembere: kumbukumbu ya safari ya kufuata udongo unaovimba

Siku moja kabla: Dar es Salaam, kufunga mizigo

Oktoba ndiyo mwezi wenyewe. Mvua za Singida na Igunga huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili, kwa hiyo Oktoba udongo mweusi wa mbuga, yaani mfinyanzi wa mabonde bapa unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, umekauka kuliko wakati wowote wa mwaka, nyufa zimefunguka, na shimo halijai maji. Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kujua mbuga inavimba kiasi gani lazima kwanza aikute na kiu. Safari ya pili, ya Machi au Aprili, ni ya kuikuta imeshiba. Tofauti ya unyevu kati ya safari hizo mbili, kutoka juu kwenda chini, ndiyo moyo wa tasnifu.

Pikapu ya dabo kabini inatosha watu wanne na vifaa: sururu mbili, koleo tatu, mtaimbo, msumeno wa mbao wenye meno makubwa, keekee ya mkono ya milimita 100 yenye vyuma vya kuungia hadi mita 3, DCP (fimbo ya chuma inayopigwa nyundo kuingia ardhini ili kupima ugumu wake), ngazi fupi, na mizani ya betri inayosoma hadi gramu 0.01. Masanduku manne ya mbao, upana wa ndani milimita 300, yamefungwa kwa skrubu. Misumari haifai, na sababu itaonekana siku ya tano. Kuna karatasi ya plastiki ya kufungia vyakula, karatasi ya aluminiamu, kitambaa cha shashi, jiko dogo la gesi na sufuria mbili, moja ndogo ya kuingia ndani ya kubwa.

Mikebe ya kupimia unyevu wa udongo ni 60. Kila mmoja umepimwa mtupu pamoja na kifuniko chake, na namba imekwanguliwa kwenye mkebe na kwenye kifuniko. Vifuniko viwili vikibadilishana, uzito mtupu wa mikebe yote miwili umepotea, na kosa hilo halionekani kwenye daftari mpaka grafu ya unyevu ionyeshe jino ambalo halina maelezo.

Mabonge ya udongo yatakatwa mazima na kufunikwa nta ili yasikauke njiani. Nta ya kutosha huhesabiwa, haikisiwi. Bonge la udongo la milimita 250 kila upande lina nyuso sita, jumla mita za mraba 0.375. Tabaka la nta la milimita 3 ni lita 1.1, sawa na kilo moja hivi. Ukiongeza inayonyonywa na shashi, inayomwagika na ya kuziba pembe, weka kilo 2 kwa bonge. Mabonge manne, kilo 8, beba 10.

Barua ya chuo iende kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ishuke wilayani, kisha kwa mtendaji wa kijiji. Beba nakala zenye mihuri yote. Mtendaji ndiye atakayekuonyesha mwenye shamba, na bila mwenye shamba hakuna shimo.

Siku ya 1: Dar es Salaam hadi Dodoma

Karibu kilomita 450 za lami kupitia Chalinze, Morogoro na Gairo. Hakuna kazi ya udongo leo. Usiku, mizani inawekwa juu ya meza imara na kujaribiwa kwa jiwe la mizani la gramu 200 lililotoka maabara, maana mtikisiko wa safari huihamisha. Ikisoma 199.6 irekebishwe hapohapo, si shambani kwenye upepo.

Siku ya 2: Dodoma hadi Singida

Takriban kilomita 240. Baada ya Dodoma barabara inashuka Bahi, nchi ya mpunga na udongo mzito, kisha inapanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni, ambako rangi ya ardhi inageuka kuwa nyekundu na kichanga.

Manyoni kuna sababu ya kusimama: asali yake inajulikana, na penye asali hapakosi nta ya nyuki. Parafini tupu ya mishumaa ikipoa husinyaa na kupasuka pembeni mwa bonge, na ufa mwembamba kama unywele unatosha kukausha sampuli kwa wiki moja. Ikichanganywa na nta ya nyuki au mafuta ya mgando inabaki laini kidogo. Kipimo si lazima kitoke kitabuni. Mimina kijiko juu ya bati, acha ipoe, kunja. Ikivunjika kama biskuti, ongeza nta ya nyuki. Ikijikunja bila kupasuka, inafaa.

Siku ya 3: Singida, Sekenke, Wembere

Singida mji umekaa kati ya mawe makubwa ya itale na maziwa mawili ya chumvi, Singidani na Kindai. Mawe hayo yanafaa kuangaliwa kabla ya kuondoka, maana vitu vilivyooza kutoka humo ndivyo vinavyoishia bondeni. Mlima Sekenke unateremka kwa kona kali, na chini yake ardhi inakuwa bapa ghafla: Wembere.

Dirishani pana somo tayari. Barabara ya lami ikipita juu ya mbuga, nyufa hazianzii katikati. Hutokea pembeni, zikifuata urefu wa barabara. Chini ya lami katikati unyevu haubadiliki sana, kwa sababu mvua haiingii na jua halifiki. Pembeni udongo unavimba masika na kusinyaa kiangazi, kila mwaka. Bega la barabara linapanda na kushuka, katikati inabaki, na lami inakatika pale tabia mbili zinapokutana. Mtaro uliochimbwa karibu na tuta unazidisha, kwa kuwa unasogeza maji hadi mguuni pa barabara.

Mchana ni wa kuchagua mahali. Si karibu na tuta, ambako kifusi cha ujenzi kimechanganyika. Si kwenye kichuguu, kwa kuwa mchwa wamepandisha udongo wa chini. Si ndani ya majaruba ya mpunga wala jirani na lambo, ambako maji ya kuletwa yamevuruga mzunguko wa asili. Si chini ya mti. Umbali uzidi mara moja na nusu ya urefu wake, maana mizizi hufyonza maji mbali kuliko kivuli kinavyofika. Mahali pazuri ni malisho wazi yenye nyufa zilizochora pembe nyingi kama gamba la kobe.

Nyufa hupimwa kabla hazijakanyagwa. Fremu ya mita moja kwa moja inalazwa chini na kupigwa picha kutoka juu, upana unapimwa kwa tepu kwenye sehemu kumi, na kina kwa waya mgumu wa milimita 3. Waya husimama mahali ufa unapopinda, kwa hiyo andika “si chini ya”, usiandike kina kamili.

Siku ya 4: keekee na shimo

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya jua na upepo, keekee inaanza. Unyevu unatakiwa kila sentimita 25 hadi mita 3, yaani sampuli kumi na mbili. Kutoka kwenye blade hadi ndani ya mkebe isizidi nusu dakika. Gramu 30 zinatosha, kutoka katikati ya donge, kwa sababu pembeni pamesuguliwa na chuma na kupata joto. Kifuniko, utepe, kivulini, mizani.

Mita ya kwanza keekee haiingii. Udongo mkavu wa mbuga unagonga kama tofali, na mchimbaji yeyote wa kijijini atatoa ushauri ambao kwa shimo la choo ni sahihi kabisa: tumwagie maji kidogo, ulainike. Hapa kikombe kimoja kinatosha kuua kazi nzima. Maji yanapita kwenye nyufa hadi chini kuliko unavyodhani, na unyevu utakaoupima ni wa ndoo. Elezeni hili mapema, kabla ndoo haijafika, na mtaimbo uvunje tabaka la juu badala ya maji.

DCP inapigwa mita 2 kutoka kwenye shimo la keekee: nyundo ya kilo 8 inaanguka milimita 575, ncha yenye pembe ya nyuzi 60 na kipenyo cha milimita 20. Matokeo ya Oktoba yanadanganya. Milimita 3 au 4 kwa pigo zinaonekana kama msingi mzuri wa barabara. Machi, mahali palepale, ncha inazama bila ubishi. Namba ya DCP isiyoandikwa sambamba na unyevu wa siku hiyo, kwa udongo huu, haina kazi.

Shimo ni mita 2 kwa 1.2, kina mita 2, na upande mmoja unakatwa ngazi za udongo. Hapa ndipo watu huumia. Kuta za mbuga kavu zinasimama wima na kuonekana imara kuliko mchanga wowote, lakini kuanzia kama mita moja kwenda chini zina nyuso za utelezi: mipasuko iliyolala mshazari, iliyosuguliwa na udongo wenyewe ukivimba na kusinyaa miaka na miaka, inayong'aa kama chungu kilichopakwa mafuta. Bonge zito linaweza kuchomoka kwenye uso wa namna hiyo bila kutoa dalili. Ikipita mita 1.2, weka mbao na magogo ya kukingia pande zote mbili. Udongo uliotolewa ukae angalau mita moja kutoka ukingoni, na asiwepo mtu chini bila mwenzake juu. Jioni shimo linazungushiwa matawi ya miiba, maana ng'ombe wa Wembere hawasomi vibao.

Ukuta unasomwa kabla haujakauka. Kwa kawaida juu kuna chengachenga za sentimita chache zinazojimenya zenyewe, kisha nguzo nguzo zilizotenganishwa na nyufa, kisha nyuso za utelezi. Kadiri unavyoshuka vinaongezeka vinundu vyeupe vya chokaa. Tone la asidi ya hidrokloriki iliyopunguzwa linatoa povu, na hapo chokaa imethibitika. Fuwele zinazometa zisizotoa povu zinaweza kuwa jasi. Andika kwa herufi kubwa, kwa sababu jasi itabadilisha joto la oveni na, baadaye, uamuzi wa kutumia chokaa kuimarisha udongo.

Sampuli za kuvurugwa, zisizohitaji kubaki na umbo lake, huchukuliwa tabaka kwa tabaka, kilo 80 kila moja, katika mifuko miwili ya salfeti yenye plastiki ndani. Kilo 40 kwa mfuko ndicho kiasi ambacho mtu mmoja anabeba bila kuburuta. Lebo mbili, moja ndani ya kijimfuko cha plastiki na moja nje. Wino wa nje hufutika Manyoni.

Siku ya 5: bonge

Mirija ya chuma ya milimita 100 ipo garini, lakini kwa udongo huu ukiwa mkavu haifai. Ukuta wa mrija ni mnene, na kuupiga nyundo kunausukuma udongo na kufungua kila mpasuko. Maabara utapata silinda ya vipande. Machi, udongo ukiwa umelainika, mirija itarudi kazini. Oktoba ni bonge la kuchongwa kwa mkono.

Ukubwa una hesabu yake. Bonge la milimita 300 lina uzito wa kilo 50, na sanduku juu yake. Watu wawili hawalitoi shimoni bila kuligonga. La milimita 250 ni kilo 30 hivi, na linatoa sampuli za kutosha kwa edomita, kifaa cha kupimia udongo unavimba au kushuka kiasi gani chini ya uzito.

Nguzo inachongwa kwenye kina kilichochaguliwa, tuseme kati ya mita 1.25 na 1.5, kwanza kwa nafasi ya milimita 350, kisha kwa msumeno hadi 250. Sururu ikome sentimita 15 kabla ya mstari. Kila upande unaokamilika unafunikwa kwa plastiki palepale, kabla ya kugusa upande wa pili. Kipimo ni macho: udongo mweusi ukianza kuwa wa kijivu, tayari ngozi yake imekauka. Turubai juu ya shimo kwa ajili ya kivuli si anasa.

Kisha aluminiamu juu ya plastiki, na nta. Nta iyeyushwe sufuria ndani ya sufuria ya maji, iwe ya moto kidogo tu kuliko inavyohitaji kuyeyuka. Ikitoa moshi imepita. Nta ya moto kupita kiasi ni nyepesi kama maji, inapenya kwenye mikunjo hadi kwenye nyufa za udongo, na nta iliyoingia kwenye ufa haitoki. Brashi, tabaka la kwanza. Shashi juu yake, nta ikiwa bado bichi. Tabaka la pili. Likipoa, la tatu. Pembe zipate mara mbili.

Mshale wa “juu” na wa kaskazini unachorwa kwenye nta. Sanduku lisilo na kitako wala kifuniko linavishwa kutoka juu, nafasi ya sentimita 2.5 kila upande inajazwa vumbi la mbao lililoloweshwa kidogo na kushindiliwa kwa vidole, na kifuniko kinafungwa kwa skrubu. Kila pigo la msumari lingekuwa tetemeko dogo ndani ya udongo wenye mipasuko tayari. Mwisho, msumeno unapita chini ya bonge, sanduku linageuzwa taratibu, kitako kinasawazishwa, kinapakwa nta, kinafungwa. Watu wanne, saa tatu kwa bonge la kwanza. La nne linachukua nusu yake.

Moja kati ya manne huweza kugawanyika kwenye uso wa utelezi likigeuzwa. Lisiunganishwe kwa utepe na kuitwa zima. Vipande vya ukubwa wa ngumi vipakwe nta kimoja kimoja; vinafaa kwa kupima uzito-ujazo kwa kuzamisha majini, na kwa kupima, kwa karatasi za kuchujia, nguvu ya udongo ya kufyonza maji.

Kabla ya kuondoka, shimo linarudishiwa udongo kwa tabaka na kushindiliwa, liachwe na kilima kidogo juu. Masika litazama.

Siku ya 6: kutoka mlimani hadi bondeni

Siku ya miguu, kuelekea Nzega na Shinyanga, kutafuta kilima cha itale chenye mteremko mrefu hadi mbugani. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mwanakemia wa udongo wa kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, aliupa mpangilio huu jina la katena, yaani mnyororo: udongo tofauti unaofuatana kwenye mteremko mmoja, ukijirudia kilima hadi kilima. Wasukuma hawakuhitaji Kilatini. Luseni ni mchanga wa juu, itogolo ni ule mgumu wa mguu wa mteremko, mbuga ni mweusi wa chini, na mkulima anajua kipi kinapandwa wapi. Kwa mhandisi majina haya ni ramani ya bure: muulize mzee wa kijiji luseni inaishia wapi, na utaokoa mashimo matatu.

Sababu ya mnyororo ni maji. Juu yanapita haraka na kubeba kalsiamu, magnesiamu na silika; chini yanatuama, na katika vitu hivyo vilivyolundikana hujengeka smektaiti, madini yenye tabaka zinazoruhusu maji kuingia katikati yake. Ndiyo yanayovimba.

Itogolo inastahili dakika zaidi. Huwa na sodiamu nyingi, na badala ya kuvimba inasambaratika. Jaribio lake halihitaji maabara: kichenga cha milimita 6 hadi 10 kinadondoshwa kwenye glasi ya maji yaliyokenekwa, kinaachwa bila kutikiswa. Kikibomoka tu na maji yakabaki angavu, si tatizo. Wingu la maziwa likienea chini ya glasi, kalavati litakalojengwa hapo litachimbwa na maji pembeni mpaka libaki daraja la hewani. Maji ya kunywa ya chupa yana chumvi zinazozuia wingu, kwa hiyo yanadanganya. Maji ya betri ya kituo cha mafuta yanafaa, mradi lebo isomwe, maana kwa jina hilohilo huuzwa pia asidi.

Siku ya 7 na ya 8: kurudi

Masanduku yanakaa juu ya magodoro ya sponji, karibu na kabini na si juu ya ekseli ya nyuma, mshale ukiangalia juu. Turubai jeupe, si jeusi, kwani nta inalainika juani. Mikebe imeshapimwa kila jioni, kwa hiyo hata mmoja ukivuja, uzito wa mbichi upo kwenye daftari. Maabara itahitajika kuikausha yote tu.

Siku ya 9 na kuendelea: maabara

Mikebe kwanza, oveni nyuzi 105 hadi 110 kwa saa 24. Kwenye tabaka lenye jasi isizidi 80, la sivyo maji yaliyo ndani ya fuwele yatatoka na kuhesabiwa kama unyevu. Umeme ukikatika usiku, usifungue oveni kuchungulia. Hesabu saa upya.

Udongo wa vikomo, yaani viwango vya unyevu ambapo udongo hubadili hali yake, usikaushwe ovenini kabisa. Ukaushwe hewani, upondwe kwa mchi wenye mpira, upite chekeche la mikromita 425, uchanganywe na maji na kulazwa saa 24 ndani ya plastiki. Ukiruka usiku huo maji hayajafika katikati ya punje, na kikomo cha uowevu (unyevu ambapo udongo huanza kutiririka) kinatoka chini kuliko kilivyo. Koni ya kupimia kikomo hicho ni ya gramu 80, nyuzi 30, sekunde 5, na jibu ni unyevu unaoiruhusu kuzama milimita 20.

Mwongozo wa Tanzania wa usanifu wa barabara wa 1999 una kanuni fupi ya uvimbaji: 2.4 mara fahirisi ya unyumbufu (upana wa unyevu ambamo udongo unafinyangika), toa 3.9 mara kikomo cha msinyao (unyevu ambao chini yake udongo hausinyai tena), jumlisha 32.5, namba zote mbili zikiwa zimepunguzwa kwa sehemu inayopita chekeche la 425. Tuseme unyumbufu ni 45, msinyao 10, na asilimia 95 inapita: 42.75 na 9.5, jibu ni 98. Chini ya 20 ni hafifu, juu ya 50 ni mkubwa. Kanuni inatumia udongo uliopondwa, kwa hiyo haijui chochote kuhusu nyufa wala unyevu wa Oktoba. Kwa hayo lipo bonge.

Pete ya edomita, kipenyo milimita 75 na unene 20, inashushwa polepole huku kisu kikichonga mbele yake. Pengo dogo pembeni ya pete ni uvimbaji utakaopotea: udongo utajaza pengo kwanza ndipo upande juu. Vijiwe vinyweleo, vinavyopitisha maji juu na chini ya sampuli, viwe vikavu. Kijiwe kilichotoka majini kinaanza kuvimbisha sampuli kabla saa ya kupimia kupanda kwa udongo haijawekwa sifuri, na mwanafunzi anaripoti shinikizo dogo la uvimbaji bila kujua lilianza bila yeye. Maji yanaingizwa, na uzito unaongezwa kidogokidogo kila sindano inapotaka kupanda, mpaka itulie. Saa 24 za kawaida hazitoshi kwa smektaiti. Inaweza kuchukua siku kadhaa.

Vipande vilivyochongwa kando ya pete vinaingia kwenye mkebe na kukaushwa. Unyevu wake unawekwa kando ya ule wa keekee wa kina kilekile, siku ya nne. Tofauti ikiwa chini ya asilimia moja, pete inaendelea. Ikipita mbili, nta ilivuja mahali fulani kati ya Sekenke na Chalinze, na bonge hilo linapondwa kwa ajili ya vikomo.